Bei ya Baruti: Bunduki Nafuu katika Njia ya Tabora

Mtu anayetafuta leo bastola ya bei nafuu ya kulengea shabaha, ile inayojipakia yenyewe na yenye kiunzi cha plastiki ngumu badala ya chuma, ana nyingi za kuchagua. Tangu jeshi la Austria lilipoikubali Glock 17 mwanzoni mwa miaka ya 1980, viwanda vya Uturuki, Kroatia, Marekani na kwingineko vimetoa bastola za namna hiyo kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu. Hata hivyo, mlengaji mzoefu haanzi na bei ya bastola. Anauliza kwanza inakula risasi gani, risasi hiyo inapatikana wapi, na springi ikikatika nani ataitengeneza. Risasi ya milimita 9 aliyoibuni Georg Luger mwaka 1902 imetawala viwanja vya shabaha kwa sababu inapatikana karibu kila mahali, na kinachopatikana kila mahali hushuka bei. Anayefanya mazoezi kwa bidii hugundua upesi kwamba amekwisha kutumia fedha nyingi zaidi kwa risasi kuliko alizotoa kwa bastola yenyewe. Hesabu ya namna hii haikuanza na plastiki. Watu wa Unyamwezi waliifanya katika karne ya 19, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora na kuendelea Ujiji. Kwa maoni yangu, historia ya Tabora kati ya 1860 na 1893 haieleweki vizuri mpaka tuipe hesabu hiyo heshima yake.

Maelezo tuliyoyazoea ni mafupi. Ulaya ilitupa takataka zake, Afrika ikazinunua. Sehemu ya kwanza ya maelezo hayo ni kweli tupu. Mwaka 1866 Waingereza waliichagua Snider na Wafaransa wakaichagua Chassepot, bunduki za kupakiwa kwa nyuma, na Waprusia walikuwa wamewatangulia kwa miaka mingi. Ghafla bunduki za kushindilia kwa mbele zilizokuwa zimejaa maghala ya majeshi hayo zikawa mzigo usio na kazi. Zikauzwa kwa bei ya chuma chakavu, zikapakiwa merikebuni, na nyingi zikashushwa Unguja. Miaka michache baadaye Mauser, Gras na Martini-Henry zikazisukuma nje hata zile zilizokuwa mpya jana, na wimbi jingine likafuata. Juu ya hizo palikuwa na bunduki zilizoundwa makusudi kwa biashara ya Afrika katika karakana za Liège na Birmingham. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba silaha za moto zinazoingia Afrika Mashariki kwa mwaka zinafika kati ya 80,000 na 100,000. Hata tukichukulia kwamba afisa huyo alikuwa na sababu za kisiasa za kukuza namba, inabaki biashara kubwa mno. Sehemu ya pili ya maelezo, kwamba wanunuzi hawakujua wanachonunua, ndiyo ninayoikataa.

Tuifuate njia yenyewe. Kutoka pwani hadi Tabora ni kiasi cha kilomita 800, na kila kitu kilibebwa mabegani na kichwani. Mpagazi mzima alichukua takriban frasila mbili, na frasila moja ni karibu kilo 16. Katika Ugogo palitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, tena si mara moja. Kwa hiyo bei ya kitu kilichofika Tabora ilipangwa zaidi na uzito wake kuliko thamani yake ya pwani. Sasa tupime. Risasi moja ya Snider, pamoja na ganda lake la shaba na baruti yake, ilikuwa na uzito wa karibu gramu 45. Frasila moja ya risasi hizo haifiki risasi 400. Gobore, yaani bunduki ya kushindilia kwa mbele, halihitaji ganda. Linahitaji baruti kidogo ndani ya mtutu, kitambaa au nyuzi za magome za kushindilia, na kitu kigumu cha kurushwa. Tuseme mpigaji anatia gramu tano za baruti. Frasila moja inatoa milio zaidi ya 3,000. Tuseme anapenda kushiba, kama wengi walivyopenda, naye anatia mara mbili ya hapo. Bado anapata milio 1,600. Timbe la risasi, yaani donge la kurushwa, alilipata bila kusubiri msafara. Palipokosekana madini ya risasi palitumika vipande vya chuma kutoka kwa mhunzi, na hata changarawe. Mpagazi mmoja wa baruti alifanya kazi ya wapagazi wanne au zaidi wa risasi za kisasa, na kila mpagazi alidai posho, ujira na sehemu yake ya hongo.

Hesabu hiyo peke yake inatosha kulitetea gobore, lakini palikuwa na jambo la pili, nalo ni fundi. Unyamwezi na jirani zake, hasa Usumbwa upande wa kaskazini-magharibi, palikuwa na wahunzi wenye sifa, na majembe yao yalisafiri na misafara yakawa fedha ya kununulia chakula njiani. Mhunzi anayejua kufua jembe na mkuki anaweza kufua mdeki, kunyoosha mtutu uliopinda, kutengeneza kigongo cha mtambo na, kwa shida kidogo, hata springi. Kitako kikivunjika kilichongwa kingine, na nchi ya miombo haikosi mbao ngumu kama mninga. Mtutu uliolegea ulifungwa kwa ngozi mbichi au waya wa shaba. Bunduki ya kupakiwa kwa nyuma haikuhitaji tu ganda lililotengenezwa kiwandani. Chemba yake ilipaswa kulingana na ganda hilo kwa vipimo vidogo sana, na ikichakaa au ikishika kutu hakuna nyundo ya kijijini inayoirudisha. Ndani ya magobore yenyewe palikuwa na ngazi mbili. La fataki liliwaka kwa uhakika zaidi wakati wa mvua, na kopo dogo la fataki lilikuwa jepesi. La gumegume lilikuwa gumu kuwaka kukiwa na unyevu, ila jiwe lake halikumtegemea mtu yeyote wa pwani. Kila mtu alichagua kwa kadiri ya ukaribu wake na njia ya misafara.

Wapo watakaosema kwamba ninauita uchaguzi kile kilichokuwa ulazima. Wafanyabiashara walileta magobore, watu wakanunua magobore, basi. Hoja hii ina uzito, kwa sababu ni kweli kwamba Waarabu, Waswahili na Wahindi waliofadhili misafara hawakuwa na haraka ya kuwapa watemi silaha zilizo sawa na zao. Lakini bunduki za kisasa zilifika. Kila msafara wa Mzungu uliopita Tabora ulikuwa nazo, na maandishi ya wasafiri yamejaa watemi wanaozitamani na kuziomba. Walizithamini kama zawadi na kama alama ya hadhi, na katika maombi yao baruti ilitajwa sambamba na bunduki. Angalia pia mwenendo wa Msiri, mtu wa Usumbwa aliyekwenda Katanga katika miaka ya 1850 akajijengea dola ya Garenganze juu ya ndovu, shaba na bunduki. Njia yake ya kwanza ya biashara ilikuwa hii hii ya mashariki. Hakutulia nayo. Alifungua njia ya pili kuelekea magharibi, hadi kwa Waovimbundu na bandari ya Benguela, ili baruti yake isiwe mikononi mwa jirani mmoja. Mtu anayepokea tu anachopewa hafungui soko la pili upande mwingine wa bara. Huyo alikuwa anajua kwamba udhaifu wa bunduki yake hauko kwenye mtutu, uko kwenye njia.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaojua silaha. Gobore lisilo na mikunjo ndani ya mtutu halilengi. Mita 100 ni mbali kwake, na kwa baruti ya biashara, iliyo chafu na iliyoingiwa na unyevu, hata 60 ni nyingi. Linachelewa kupakiwa, na likijazwa kupita kiasi linapasuka na kumlemaza mwenyewe. Yote ni kweli. Swali ni kama ubora wa shabaha ndiyo kazi iliyotakiwa. Mwindaji wa ndovu hakupiga kutoka mbali. Alinyemelea mpaka karibu, akitegemea ujuzi wa upepo na nyayo alioupata katika vyama vya wawindaji kabla hajashika bunduki, na kwa umbali huo timbe zito linafanya kazi yake. Rugaruga, wapiganaji wa Mtemi Mirambo wa Urambo, walipiga mara moja, mara nyingi alfajiri, kisha wakaingia mbio kwa mikuki, kwa hiyo kuchelewa kupakia hakukuwa na maana kubwa kwao. Aliyekaa nyuma ya boma la miti akichungulia tundu hakuhitaji kumwona adui mita 300, maana porini hakuna mahali pa kuona mita 300. Tukilipima gobore kwenye kiwanja cha shabaha tunalipima mahali ambapo halikuumbwa kufanya kazi.

Ipo pia kazi ambayo waandishi wengi wa Kizungu waliiona kuwa upuuzi, nayo ni kupiga hewani. Msafara ukikaribia mji ulifyatua bunduki, na mji ukajibu. Stanley alifanya hivyo mwaka 1871 alipoingia Ujiji kumtafuta Livingstone, kwa kufuata desturi aliyoikuta njiani. Harusi na sikukuu zilikuwa na milio yake. Naona kwamba huu haukuwa ubadhirifu. Katika nchi ambayo baruti imetoka mbali kwa gharama niliyoieleza, mwenye kuichoma hadharani anatangaza kwamba anayo nyingine, na kila anayesikia, rafiki na adui, anaelewa. Sauti ilifika mbali kuliko timbe lolote, na sauti ya gobore la bei ndogo ni kubwa kama ya Snider.

Tukikubali kwamba thamani ilikuwa katika baruti na njia yake, vita vya Tabora vinajipanga kwa namna nyingine. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, mrithi wake Mnywa Sele alijaribu kuwatoza kodi wafanyabiashara wa Tabora. Wakamwondoa wakamweka Mkasiwa, na Mnywa Sele akaendelea kuwasumbua porini mpaka alipouawa mwaka 1865. Alikuwa na haki ya urithi na alikuwa na wapiganaji. Alichokosa ni Tabora, yaani ghala. Mirambo aliliona hilo. Mnamo Agosti 1871 wafanyabiashara walimshambulia, Stanley akiwa upande wao. Mirambo akawavizia, akamuua Khamis bin Abdallah, mmoja wao, akaingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji. Lakini ushindi wake mkubwa ulikuja katika miaka minne iliyofuata, alipoibana njia ya Ujiji. Sultani Barghash alituma askari kutoka Unguja wasimweze. Mirambo naye alijifunza jambo: anayefunga njia hujifungia na yeye. Kwa hiyo baada ya mapatano ya katikati ya miaka ya 1870 alitumia nguvu zake kujitafutia mlango wake mwenyewe. Alishirikiana na mfanyabiashara Mswisi, Philippe Broyon, kupeleka pembe pwani. Aliwasiliana na John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja. Aliwakaribisha wamisionari wa London Missionary Society huko Urambo mwaka 1879. Wanaoandika kwamba alipenda Wazungu, au kwamba alidanganywa nao, hawaoni kwamba alikuwa anafanya kama Msiri: kutafuta mahali pa pili pa kununulia.

Mlango huo haukudumu. Mwaka 1880 wapiganaji wa upande wake waliwaua Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, huko Mpimbwe, na urafiki wa Kirk ukapoa. Mirambo alifariki Desemba 1884, na ufalme wake ukaanza kupasuka mara moja. Mwezi huo huo alifariki Nyungu ya Mawe, aliyejenga dola yake huko Ukimbu, kusini mwa Tabora, na makao yake Kiwele. Linganisha warithi wao. Dola ya Nyungu ilipita kwa Mgalula, mwanamke wa ukoo wake, ikakaa kwa amani mpaka Wajerumani walipofika. Aylward Shorter, aliyeichunguza historia ya Wakimbu, alionyesha jinsi Nyungu alivyoweka watwale, yaani wasimamizi wake, juu ya nchi alizoziteka, na pembe zilizopatikana zikaenda Kiwele. Kwa desturi ya zamani, mtemi mdogo alikuwa na haki ya pembe moja ya ndovu aliyefia katika ardhi yake, na kwa hiyo aliweza kujinunulia baruti yake. Nyungu aliikata haki hiyo mzizi. Mirambo aliwaacha wengi wa watemi aliowashinda wakiwa na pembe zao, na alipokufa walikuwa na njia ya kujinunulia uhuru.

Siwezi kuzungumza juu ya unafuu huu bila kusema ulikuwa nafuu kwa nani. Pembe hazikutosha, na zilizidi kuwa mbali kadiri ndovu walivyokwisha karibu na njia. Watu walikamatwa na kuuzwa, na bunduki ndiyo iliyowakamata. Gobore lilimfanya kijana asiye na ukoo wa kutawala, mara nyingi mateka wa zamani, kuwa mtu wa kuogopwa, na liliwafanya wanakijiji wahame mashamba ya wazi wakajibane ndani ya maboma. Kusema kwamba wanunuzi walikuwa na akili si kuwasafisha. Kinyume chake, nadhani tunawaonea watu wa karne ile mara mbili tunapowaona kama watoto waliopewa vitu vibovu, kwa maana tunawanyima akili na pia tunawaondolea dhima. Mirambo alijua bei ya baruti, na alijua inalipwa na nani. Aliyekamatwa alijua zaidi.

Wazungu waliokutana Brussels nao waliujua uhusiano huo wa bunduki na utumwa. Mkataba wa Julai 1890 ulipiga marufuku kuingiza bunduki zenye mikunjo na za kupakiwa kwa nyuma katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini. Ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mikunjo pamoja na baruti ya kawaida, kwa sharti la kupitia maghala ya serikali. Madhumuni yaliyotajwa yalikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Matokeo yake yalikuwa kuligandisha gobore. Kile ambacho watu walikuwa wamekichagua kwa hesabu zao sasa kikawa mpaka waliowekewa, tena katika miaka ile ile ambapo bunduki za Ulaya zilianza kutumia baruti isiyotoa moshi. Mwezi wa Agosti 1890 Emin Pasha aliingia Tabora na bendera ya Ujerumani. Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyekuwa amekaa kitini tangu miaka ya 1870 na mwenye ikulu iliyozungukwa na ukuta imara, hakukubali. Mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1892 yalishindwa mbele ya ukuta huo na magobore yaliyokuwa nyuma yake. Januari 1893 afisa wao Tom Prince aliuvunja. Isike aliingia ghala lake la baruti akalilipua, na Wajerumani walimtoa akiwa nusu mfu wakamnyonga. Ukweli kwamba mwisho wa vita hivyo bado alikuwa na ghala lenye baruti ya kutosha kulipua jengo unaonyesha kwamba hakushindwa kwa kuishiwa. Alishindwa pale ambapo hesabu ya zamani haikufika, yaani mbele ya adui mwenye mizinga na serikali ya kulipia wapagazi wake.

Na serikali hiyo nayo, ilipoketi Tabora na kujenga boma lake, ilichagua silaha ya bei nafuu. Askari wa Kiafrika wa Schutztruppe, jeshi la koloni hilo, walipewa Mauser ya mfano wa 1871, bunduki ya risasi moja moja na baruti ya moshi, iliyokuwa imekwisha kuondolewa katika jeshi la Ujerumani yenyewe. Zilikuwa ghalani, zilikuwa imara, na kwa kuwapiga watu wenye magobore zilitosha. Vita Vikuu vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi bado zilikuwa nazo, na wingu jeupe lilimwonyesha adui alipo kila aliyefyatua. Walichokipata Wajerumani Tanga mnamo Novemba mwaka huo baada ya kuwashinda Waingereza kilikuwa bunduki 455 za kisasa na, jambo kubwa zaidi, risasi 600,000 zinazolingana nazo. Kwa hizo kamanda wao Lettow-Vorbeck aliweza kuzipa kampuni tatu silaha mpya. Kampuni nyingine ziliendelea na moshi wao mpaka meli zilizopenya mzingiro wa baharini zilipoleta shehena, mwaka 1915 na 1916, na shehena hiyo ilitawanywa nchini kwa mabega ya wapagazi, maana reli iliyofika Tabora mwaka 1912 haikuwafikia askari wengi waliokuwa porini. Shehena hiyo haikuiokoa Tabora: Wabelgiji waliingia mji huo tarehe 19 Septemba 1916.